Shule ya serikali, ya misheni au ya binafsi: ipi itamlea mwanao kuwa raia? Ulinganisho kwa wazazi wa Lubumbashi

Kila Agosti majirani hunijia hapa Kampemba na swali lile lile. Wanajua nimeshika chaki zaidi ya miaka ishirini, na wanajua watoto wangu watatu wamesoma shule za aina tatu. "Mama mwalimu, huyu nimpeleke wapi?" Ukiwauliza wanatafuta nini, mmoja atakutajia asilimia za Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mwingine minervali, yaani ada ya shule, mwingine nauli ya basi. Wote wana haki. Lakini kuna swali la nne ambalo ni wachache wanaoliuliza: mtoto huyu akitoka pale, ataweza kuishi na wenzake katika mji huu unaobadilika kila mwaka, adai haki yake bila kumkanyaga mwingine, na ajue kwamba mali ya wote si mali ya mkubwa? Ninayoandika hapa yanahusu swali hilo.

Kwanza tusafishe majina, maana watu wanayachanganya. Shule za umma kwetu Kongo ni za namna mbili. Kuna zile za serikali yenyewe, tunazoziita ofisieli. Na kuna za misheni, zile za konvansyone: rais Mobutu alizitwaa shule za makanisa mwaka 1974, kisha serikali ikawarudishia Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu usimamizi wake kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977. Wengine, Waislamu wakiwemo, waliingia baadaye. Huko misheni mwalimu ni wa serikali, programu ni ya serikali, mtihani ni wa serikali. Usimamizi ndio wa kanisa. Kwa hiyo elimu ya msingi ya bure, iliyomo katika ibara ya 43 ya Katiba na iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, inazihusu zote mbili. Shule ya binafsi ni jambo jingine: promota, yaani mwenye shule, anajenga, analipa walimu, anapanga bei, na anatakiwa awe na kibali cha wizara.

Tena hakuna shule isiyolea raia. Kinachobadilika ni raia gani anayetakiwa. Katika kambi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji, ambako wamisionari Wabenediktini walifundisha watoto wa wafanyakazi, alitakiwa mfanyakazi mwenye afya na mdomo uliofungwa. Shule za serikali zisizo za kidini zilifunguliwa kwa watoto Wakongo mwaka 1954 tu, wakati wa Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, na ugomvi wa kanisa na serikali juu ya watoto wetu ukaanza hapo. Chini ya Mobutu kila Mzairwa alihesabiwa kuwa mwanachama wa MPR, chama chake pekee, tangu tumboni mwa mama yake, na shuleni watoto walicheza animasyo, ngoma na nyimbo za kumsifu kiongozi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataka mtu mwingine kabisa: ibara ya 45 inawabebesha wenye mamlaka wajibu wa kufundisha haki za binadamu, uhuru wa msingi na majukumu ya raia, pamoja na Katiba yenyewe.

Ila kufundishwa na kulelewa ni mambo mawili. Mwaka 1992 nilikuwa mwanafunzi katika mji wa Likasi. Niliketi benchi moja na msichana ambaye wazazi wake walitoka Kasai, mkoa mwingine. Yeye mwenyewe Kasai hakuijua, alizaliwa hospitali niliyozaliwa mimi. Miezi ile watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Maelfu walilala stesheni wiki baada ya wiki wakingoja treni. Asubuhi moja nafasi yake ilikuwa wazi. Chini ya benchi alikuwa ameacha kompasi yake ya hesabu, ndani ya kikopo cha bati chenye mfuniko uliopinda. Mwalimu alihesabu nafasi zilizobaki wazi, akatusogeza mbele tuzijaze, akafungua daftari lake na kutuandikia ubaoni majukumu ya raia. Tulinakili. Hakuna aliyeuliza mwenzetu yuko wapi, na mimi sikuuliza. Muhula ule nilipata nane juu ya kumi katika somo la uraia. Kikopo kile ninacho mpaka leo.

Vigezo ninavyotumia

Ndiyo maana siangalii kwanza kama somo la uraia limo kwenye ratiba. Limo kila mahali. Naangalia mambo manne. Jirani wa benchi: mtoto ataketi na watoto wa kabila gani, dini gani, mfuko gani. Sauti: anaweza kuuliza, kuchagua na kuchaguliwa, kusema hapana bila kuchapwa. Hesabu: pesa za shule zinaelezwaje mbele ya wazazi, kwa sababu mtoto huona tunavyolipa na tunavyonyamaza. La mwisho ni lugha na kazi ya mikono: ataweza kumweleza nkambo wake, bibi au babu, alichojifunza kwa lugha ya Kiswahili, na atashika ufagio wa mahali pa wote?

Shule ya serikali

Jirani wa benchi. Kitinda mimba wangu alianza mwaka wa kwanza Septemba 2019, wiki ile ile mlango ulipofunguliwa kwa wote. Darasa lao lilikuwa na watoto zaidi ya tisini, wanne kwenye benchi ya wawili. Alikaa kati ya mtoto wa muuza makala (makaa), mtoto wa polisi, na msichana wa miaka tisa ambaye hakuwahi kukanyaga shule kwa kukosa minervali. Elimu ile hakuna kitabu kingeweza kumpa. Lakini angalia jambo hili: shule ya serikali huchota watoto wa karibu. Kama kartié yenu, yaani mtaa wenu, imejaa watu wa asili moja, na darasa litakuwa hivyo hivyo.

Sauti. Mwalimu mwenye watoto tisini hawezi kusikiliza maswali tisini, na fimbo hutoka haraka pale uvumilivu unapokwisha, ingawa sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009 inataka nidhamu ya shule iheshimu utu wake. Hata hivyo, uchaguzi safi kuliko wote niliowahi kuuona niliuona kwenye shule hii, siku walipochagua kamati ya wanafunzi. Masanduku ya kura yalikuwa makarton ya maziwa yaliyopasuliwa juu. Karatasi zilikatwa kutoka madaftari ya zamani. Kila mgombea alipanda kiti na kusema kwa dakika mbili, na msichana wa mwaka wa tano aliahidi jambo moja tu, mlango wa choo cha wasichana unaofungika. Kura zilihesabiwa kwa sauti, mistari mitanomitano ubaoni, watoto wote wakiangalia. Mvulana aliyeshindwa alilia. Direkta, mkuu wa shule, alimpa chaki, akamwomba yeye ndiye aandike matokeo, na akaandika. Baada ya wiki chache wazazi wawili walileta mbao na bawaba, mlango ukafungika.

Mwaka uliofuata direkta yule alihamishwa. Aliyekuja aliteua kamati mwenyewe, kwa kidole. Hiyo ndiyo hatari ya shule ya serikali: mambo mengi yanategemea nani amekalia kiti, na hujui atakaa mpaka lini.

Hesabu. Msingi ni bure, basi wazazi wanadhani hakuna la kuuliza. Lipo. Mara pesa ya karatasi za mtihani, mara ya usafi, na kwa kuwa haziruhusiwi, hazina risiti. Sekondari inalipiwa, na viwango vyake huwekwa kila mwaka kwa uamuzi wa gavana wa mkoa. Dai kuona karatasi hiyo kabla ya kutoa franka.

Lugha na kazi. Miaka ya kwanza hufundishwa kwa Kiswahili, kama sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inavyotaka, na watoto wanaelewa wanachosoma. Hufagia darasa lao wenyewe. Hilo ni jema, ila mwulize mtoto kama hatumwi kuteka maji nyumbani kwa mwalimu. Kazi ya wote na utumishi kwa mkubwa ni vitu viwili.

Inamfaa nani? Mzazi mwenye muda wa kufuatilia. Anayeweza kupita shuleni mara kwa mara, kuingia kamati ya wazazi, na kumsaidia mtoto nyumbani wakati walimu wako kwenye mgomo, maana Septemba migomo haikosekani.

Shule ya misheni

Jirani wa benchi. Wasalesiani walifika mji huu, ulipokuwa bado Élisabethville, mwaka 1911, na tangu hapo jina la shule ya mapadri au la masista huwavuta wazazi kutoka mbali. Mtoto wa Katuba anakutana na wa Ruashi, wa Kasai na wa Bukama, Mluba, Mbemba na Mlunda darasa moja. Kwa mchanganyiko wa asili, shule nyingi za misheni zinazipita za serikali. Ila sekondari kuna jaribio la kuingia na kuna minervali, kwa hiyo mtoto wa muuza makala yule anapungua. Kuhusu dini, Katiba inaruhusu shule za taifa kutoa malezi ya imani kwa watoto ambao wazazi wao wameomba. Kama ninyi ni Waislamu, au wa kanisa jingine, uliza wazi: saa ya misa mtoto wangu anakuwa wapi, na anafanya nini?

Sauti. Hapa kuna ratiba, kengele, mstari. Kengele ikilia saa moja na dakika ishirini, inamlia mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mpishi sawa. Usidharau hilo. Mtoto anayekua katika nchi ambamo sheria huinama mbele ya jina kubwa anahitaji kuona angalau mahali pamoja ambapo haiinami.

Lakini kutii sheria ni nusu tu ya uraia. Mtoto wangu wa pili, akiwa mwaka wa tatu wa sekondari, aliandika barua na wenzake kumi kuuliza kwa nini maktaba imefungwa tangu Krismasi. Barua ya Kifaransa safi, ya heshima, majina kumi na moja chini. Wote walirudishwa nyumbani siku tatu kwa utovu wa nidhamu. Nilikwenda kwa prefe, mkuu wa sekondari, nikaongea naye kama mwalimu kwa mwalimu, na alinieleza kwa upole kwamba wanafunzi hawawaandikii wakubwa. Mwezi mmoja baadaye maktaba ilifunguliwa. Hakuna aliyewaambia wale kumi na mmoja kwamba barua yao ilisomwa. Mwanangu alihitaji kusikia neno hilo moja tu, na mpaka leo ninasikitika kwamba hakulisikia.

Hesabu. Katika hili shule ya misheni ilinifundisha mimi mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulipokosa hata thamani ya gunia la unga, wazazi na makanisa walikubaliana kuchangia prime, nyongeza ya mshahara wa walimu, na shule hazikufa. Mzigo ule uliwachosha wazazi, sikatai. Lakini uliacha desturi. Kwenye mkutano wa wazazi mtunza fedha, sista mmoja mfupi, aligawa ubao nusu mbili: kilichoingia, kilichotoka. Aliandika mpaka bei ya dumu za rangi. Mzazi mmoja nyuma alipinga bei ya bati. Sista akatoa risiti, ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwake. Watoto walikuwa madirishani wakitazama. Si kila shule ya misheni inafanya hivi, na mahali pengine hesabu hubaki ofisini kwa padri. Uliza siku ya kwanza.

Lugha na kazi. Kifaransa hata uwanjani, na aliyeponyokwa na Kiswahili huadhibiwa. Mimi siikubali adhabu hiyo; Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ileile tunayowafundisha. Kazi ya mikono ipo, kwa zamu, na inasimamiwa vizuri.

Inamfaa nani? Mtoto anayehitaji mpangilio, hasa yule ambaye nyumbani mambo yamevurugika. Na mzazi ambaye hawezi kuja shuleni kila wiki lakini atahudhuria mikutano. Mtoto mwenye maswali mengi naye anaweza kustawi, kwa sharti kwamba nyumbani kuna mtu wa kumwambia maswali yake si dhambi.

Shule ya binafsi

Kifungua mimba wangu alisoma binafsi kwa sababu mjomba wake alipata kazi kwenye kampuni ya madini na akasema atamlipia. Tulishukuru.

Jirani wa benchi. Hapa nilikuta jambo sikulitegemea. Kwa asili za watu, darasa lilikuwa na nchi nzima ndani yake: Kinshasa, Kasai, Kivu, hata watoto wa Wazambia na Wahindi. Hakuna aliyejali kabila la mwingine. Lakini mfuko ulikuwa mmoja. Jioni moja aliniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini jirani yetu hanunui jenereta umeme ukikatika. Jirani huyo huuza mandazi. Alikuwa na miaka kumi na hajui kwamba kuna watu wasioweza.

Sauti. Niseme ukweli, hapa shule nzuri ya binafsi inazipita nyingine zote. Watoto ishirini na tano, mwalimu anajua jina la kila mmoja, Ijumaa kuna mjadala, mtoto anasimama na kutetea wazo kisha anatetea lililo kinyume chake. Uwezo wa kumsikiliza anayekupinga bila kumwona adui mwanangu aliupata pale. Upungufu uko kwa mwalimu: analipwa na promota, promota analipwa na wazazi, na mtoto wa mkubwa akikosea mwalimu huangalia kwanza ni mtoto wa nani.

Hesabu. Risiti hazikosi, zimepigwa muhuri, kwa dola. Matumizi hayaelezwi, na kwa kuwa ni mali ya mtu, si kosa. Ila kamati ya wazazi mahali pengi ni jina tu, na mtoto hajawahi kuona watu wakiulizana juu ya fedha ya wote, kwa sababu fedha ya wote haipo.

Lugha na kazi. Kifaransa tangu chekechea. Kiswahili kinabaki cha kusema na mlinzi, mpishi na mama anayefagia darasa. Fikiri maana yake kwa mtoto: lugha ya nkambo wake inageuka lugha ya kutoa amri. Shule chache zimeliona hilo na zimeweka saa za Kiswahili na siku ya salongo, kazi ya pamoja, ambayo watoto wenyewe wanafagia. Ukiipata ya namna hiyo, ishike. Na kabla ya kulipa, uliza kibali. Mtoto wa shule isiyo na kibali hupata taabu wakati wa mitihani ya taifa.

Inamfaa nani? Mtoto mwenye haya, anayepotea kwenye kundi kubwa, au mwenye shida ya kusikia au kuona inayohitaji jicho la karibu. Na familia ambayo ada haitainyang'anya chakula, na ambayo iko tayari kumpa mtoto nje ya shule kile kilichokosekana ndani.

Kwa hali yako

Kama mtoto anaanza msingi na mfuko ni mwembamba, linganisha shule ya serikali na ya misheni zilizo karibu. Zote ni za bure, usikubali kuambiwa vingine. Chagua ile ambayo kamati yake ya wanafunzi ilichaguliwa kwa kura. Hilo waulize watoto getini, usimuulize direkta.

Kama mmehamia mjini mwaka huu kutoka Kasai, Kivu au kwingine, na mnasikia maneno mtaani, tafuta kwanza mchanganyiko wa asili kuliko jina la shule. Nenda saa ya mapumziko, simama pembeni, sikiliza watoto wanavyoitana. Watoto wanaoitana kwa kabila wamefundishwa na mtu mzima, na kama walimu wanasikia na kupita, ondoka.

Kama mtoto anaingia sekondari na ni mtundu wa maswali, usiogope misheni, lakini mwulize prefe swali moja mbele ya mtoto: mwanafunzi akiwa na malalamiko, anayapeleka wapi? Prefe mwenye jibu tayari ana njia tayari. Akikushangaa, na wewe umepata jibu.

Kama uwezo unao na unaelekea binafsi, mpe mtoto Jumamosi nyingine. Skauti wapo, kwaya zipo, timu za mpira za kartié zipo, na pale ataketi na wale ambao darasani hawapo. Nyumbani mzungumze Kiswahili.

Na kama umekwisha kuandikisha na huwezi kubadilisha mwaka huu, mkutano wa kwanza wa wazazi haujafanyika bado. Nenda na mtoto wako. Kaa benchi la mbele, ngoja wamalize hotuba, kisha nyoosha mkono uombe kilichoingia na kilichotoka kiandikwe ubaoni.